Ada ni Kiazi Kimoja

Jumamosi, saa tatu, ukungu haujanyanyuka Uyole.
Wanabisha hodi kwa magoti, mikono imo kwapani.
Saba. Wiki iliyopita walikuwa watano.
Kila mmoja ana kiazi mfukoni: ndiyo ada.
Tuponile kaleta viwili. Kimoja, anasema, ni cha mdogo wake
ambaye bado hajazaliwa.

Nimekunja zulia. Nimegeuza kochi
likatazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.
Chini nimetandaza mifuko ya saruji, iliyokung'utwa mara tatu,
na kalenda za miaka iliyokwisha;
mgongo wa Machi ni mweupe kuliko Machi yenyewe.

Rangi zetu hazina duka.
Kokwa za parachichi nilizochemsha tangu alfajiri
zimetoa wekundu ambao sikujua niuite nini,
si damu, si waridi.
Anyisile akachungulia: "Ni rangi ya fizi."
Haya. Nikaandika kwenye kopo: FIZI.
Binzari ikatupa njano, masizi ya sufuria yakatupa usiku.
Bluu hatuna. Ile ya kufulia imekwisha,
na mbingu ya Julai, ukichungulia dirishani,
nayo haina ya kutuazima.

Nakata viazi nusu kwa nusu.
Wanachonga kwa mpini wa kijiko, kwa msumari:
samaki, tairi, nyota yenye ncha nne
kwa sababu ya tano ilivunjika.
Lugano anataka L ya jina lake.
Akagonga, ikatoka imegeuka, inatazama nyuma.
Akakaa kimya. Akachukua nusu ya pili,
akaichonga L kinyume, makusudi, ili itoke sawa.
Miaka ishirini na sita nimefundisha darasa la tatu,
sikuwahi kumwona mtoto akikitega kioo.
Hesabu zake shuleni, nasikia, ni sifuri.

Saa tano baba yake akasimama mlangoni,
alama ya lumbesa ingali begani.
"Mwalimu. Kiazi mnakipaka masizi?"
Sauti haikuwa juu. Ingekuwa juu ningejua la kumjibu.
"Usiku kucha nimepakia lori. Nimevibeba hivi,
kwa mgongo huu. Kumbe huku ni midoli."

Hata birika lilinyamaza.
Nilikuwa na maneno: ubunifu, kipaji, mtoto na mikono yake,
semina nzima ya maneno, na posho nililipwa.
Yakanikauka mdomoni. Kiazi ni chakula.
Mtu mzima akisema hivyo sebuleni kwako, utambishia nini?

Lugano ndiye aliyeinuka. Akachukua kisu,
akakwangua uso wa L yake, utando tu, mwembamba kama ukucha,
akamwonesha baba ndani: peupe.
"Tukimaliza tunavila," akasema. "Kila wiki. Na chumvi."

Ndivyo. Wapo wanaokuja hawajagusa chai,
na humu ndani hatuulizi ni nani.

Baba akakitazama kiazi kwa muda mrefu.
Halafu akachomoa shazia iliyokuwa kofiani,
ile ya kushonea midomo ya magunia.
"Kijiko kinararua," akasema. "Tumieni hii.
Jioni niipate."
Hakuketi. Hakutabasamu. Viatu vyake
viliacha ukurasa mzima wa udongo kwenye Machi,
na Anyisile akauzungushia mstari wa fizi
kabla sijatafuta kitambaa.

Tukala. Vingine vilikuwa vyekundu kidogo pembeni.
"Nimemeza tairi," mmoja akatangaza, wakacheka mpaka chumvi ikamwagika.

Kile cha mdogo wake Tuponile hatukukichonga.
Kipo dirishani, wiki ya tatu leo.
Mama yake bado hajajifungua.
Kiazi kimeshaota macho.